Zuhura, Utaridi na Bati la Shemeji

Shemeji yangu ni fundi bati, na tangu siku ya kwanza nilipomwona sikumpenda. Nisingizie nini? Sikumpenda tu. Alikuja kumposa mdogo wangu akiwa amevaa miwani ya jua ilhali jua limeshazama, akakaa kwenye mkeka wa marehemu baba, kule kwetu bondeni karibu na Mohoro, akainua uso kutazama makuti ya nyumba yetu. Halafu akamwambia mshenga wake, kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia, kwamba watu wa bondeni bado wanaishi kama ndege. Mshenga akakohoa. Mama akajifanya kiziwi. Mimi nilisikia, na neno lile nikaliweka akiba.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha fizikia na jiografia katika shule ya sekondari kando ya barabara kuu, upande wa Kibiti. Masomo yote mawili ni yangu, si kwa sababu nina kipaji cha ajabu, bali kwa sababu walimu hawatoshi na mkuu wa shule anaamini kwamba mtu anayejua kuchora ramani hashindwi kuchora saketi. Maabara yetu ina vipimajoto viwili, kimoja kimevunjika na cha pili kinaonyesha joto lile lile mwaka mzima. Wanafunzi wanakariri sayari kwa kuziimba kama wimbo wa kuruka kamba. Ukiwauliza ipi ina joto kali zaidi wanajibu kwa pamoja: Utaridi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na Jua. Nimeitoa hesabu hiyo vichwani mwao kila mwaka, na kila mwaka inarudi. Kuna ujinga ambao una mizizi kama gugu la shambani.

Shemeji naye nikamhesabu katika kundi hilo. Aliishia darasa la saba, na akalisema hilo kwa majivuno, kama wengine wanavyotaja digrii. Lakini sitamnyima haki yake: kazi alikuwa nayo. Ukitoka Bungu mpaka Ikwiriri, kila aliyevuna ufuta vizuri alikuwa anang'oa makuti na kupandisha bati. Watu walikuwa hawaulizani tena kama nyumba inakalika, walichoulizana ni kama inang'aa. Nimeona nyumba za udongo zilizoinama upande, mtoto akiegemea zinatikisika, lakini juu zina bati jekundu. Mchana wenyewe wako nje, wamejibanza chini ya kivuli cha mkorosho wa jirani kwa sababu ndani hakuingiliki. Ukipita ukiwasalimia wanakwambia, "Tunapunga upepo." Upepo gani? Wamekimbia nyumba zao wenyewe.

Yeye alijenga Ikwiriri, ndani kidogo ukitoka barabarani. Kuta za matofali, madirisha ya vioo, sebule yenye vigae vinavyoteleza, na juu bati la bluu. Dari hakuweka. Nilidhani amekwama, nikafurahi kidogo, kwani roho yangu si ya malaika. Kumbe hakukwama. Alisema dari ni maficho ya panya, na tena yeye ni fundi: mteja akija nyumbani kwake aketi sebuleni, ainue macho, aone kwa ndani jinsi misumari ilivyopangwa na mabati yalivyolaliana. "Fundi bati kuweka dari," alisema, "ni sawa na bibi harusi kuvaa gunia." Watu wakaona amesema neno la hekima. Mimi nikaona mtu anayeishi ndani ya tangazo lake la biashara.

Siku ya dua ya kuhamia, alialika nusu ya mji. Tulikula pilau uani baada ya magharibi, wanaume kwenye mikeka. Upande wa machweo ilikuwepo nyota moja kubwa, imetulia, inang'aa peke yake kabla ya nyingine kutokea. Mzee mmoja aliyekaa karibu yangu akauliza ni nyota gani ile. Nikasema si nyota, ni sayari, inaitwa Zuhura. Hapo ndipo nilipofanya kosa la walimu wote duniani: niliulizwa swali la neno moja, nikajibu kipindi kizima.

Nikawaambia kwamba Zuhura ndiyo sayari yenye joto kali kuliko zote, wakati Utaridi iko karibu zaidi na Jua. Zuhura iko mbali karibu mara mbili ya Utaridi, lakini ile risasi mnayofunga kwenye nyavu, ukiiweka juu ya ardhi ya Zuhura, itayeyuka. Na itayeyuka usiku vile vile. Utaridi, ikipigwa na jua la mchana, inaungua, lakini usiku inaganda kwa baridi ambayo hakuna mtu hapa anayeweza kuifikiria. Kwa nini? Kwa sababu Utaridi iko uchi. Haina hewa ya kutajika. Joto linaingia mchana, jua likizama joto lote linatoka, hakuna wa kulizuia. Zuhura imejifunika hewa nzito, sehemu kubwa ni hewa ukaa, na hewa ile inaachia mwanga uingie lakini inalishika joto linapotaka kutoka. Nikawapa mfano wa ndizi. Ukitaka ndizi ziive upesi unazivumbika, huzianiki tu juani. Anayezifukia vizuri anazila mapema kuliko aliyeziweka karibu na moto. Nikawaambia hata Mwezi huu wetu uko umbali ule ule na sisi kutoka kwenye Jua, lakini kwa kuwa hauna hewa, mchana wake ungechemsha maji na usiku wake ungeua nyoka. Tofauti yetu na Mwezi si umbali wa moto, ni kifuniko.

Wale wazee walikuwa wananisikiliza. Naapa walikuwa wananisikiliza. Ndipo shemeji akaja na sinia la pilau mkononi, akasimama juu yangu.

"Mwalimu," akasema, "yaani mimi nikikaa jikoni na wewe ukikaa sebuleni, wewe ndiye utakayeungua?"

Watu wakacheka.

"Inategemea umefunikwa na nini," nikasema.

"Ulipanda huko juu ukapima?"

Wakacheka zaidi. Yule mzee aliyeuliza swali naye alicheka, mpaka akapaliwa na wali. Shemeji akanipakulia nyama nzuri, kubwa, kama mtu anayempoza mtoto aliyeanguka, akasema, "Kula shemeji, Zuhura haina pilau." Mpaka leo mwenye kutaka kunitania Ikwiriri anajua neno la kusema. Nikaimeza nyama ile na hasira yangu pamoja. Nikajiambia: asiyejua maana haambiwi maana. Msemo huo ni mtamu sana mdomoni mwa mtu aliyeudhika, na mimi niliufanya dini.

Mama alilala pale usiku ule, kwa kuwa magari ya kurudi Mohoro yalishakwisha. Asubuhi nilipompitia nilimkuta amekasirika, anakunja kanga yake iliyolowa begani. Alisema bati limetoa jasho usiku kucha na jasho limemdondokea. Nikamweleza kwa nini: bati ni jembamba, usiku wa mbingu wazi linatoa joto lake angani upesi kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, linakuwa baridi, na pumzi za watu zinageuka maji juu yake. Mama akasema yeye hakuhitaji maelezo, alihitaji kulala.

Mdogo wangu akashika mimba. Ilikuwa mimba ya kwanza, na ilifika miezi saba tu. Alijifungua mwanzoni mwa kipupwe, wakati ule ambapo mvua zimekwisha, anga limefagiliwa, na alfajiri ukitoka kuchukua udhu maji yanakushtua. Najua, mtu wa Njombe akinisikia naiita hii baridi atavua shati anicheke. Amcheke basi na mtoto njiti. Yule mtoto alikuwa mwepesi kuliko mfuko wa unga wa kilo mbili, ngozi yake nyembamba unaona mishipa, na mafuta ya kumlinda mwilini hana. Walikaa kituo cha afya zaidi ya wiki mbili. Mdogo wangu alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, amemfunga kwa kanga, mtoto akiwa na kofia ya sufu kichwani. Siku ya kuruhusiwa nesi aliwaambia waendelee hivyo hivyo nyumbani, na kubwa kuliko yote, mtoto asipate baridi. Mtoto wa namna hii akipoa, hanyonyi, na asiponyonya, anazidi kupoa, na mwisho wa njia hiyo kila mtu anaujua.

Kwetu mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Binti anarudi kwao, anakandwa, anakaa arobaini yake, ndipo mume anamchukua. Mama aliandaa chumba, akaongeza makuti upande ulioanza kuvuja. Shemeji akakataa. Alisema hawezi kumtoa mkewe kwenye nyumba ya kisasa ampeleke kwenye makuti yenye nge, halafu barabara ya Mohoro imejaa mashimo na mtoto ni mdogo. Hilo la barabara lilikuwa la kweli, nalichukia kwa kuwa lilikuwa la kweli. Kuhusu baridi alisema ataweka moto. Mwanamke akizaa huwekewa moto, wote tunajua hivyo, tofauti ni kwamba bibi zetu walikuwa na jiko moja na yeye ana uwezo wa kuwasha matatu. Na ile habari ya kubebana kifuani alisema ni ya wodini, kwa watu wasio na moto.

Mama alikuwa anaumwa miguu, hawezi kusafiri. Akanipigia simu Jumapili.

"Nenda Ikwiriri," alisema. "Baba yenu hayupo, wewe ndiye baba. Mwambie huyo mume, ile nyumba yake usiku haifai kwa mtoto. Nimelala mle, naijua. Kama hataki kuwaleta huku, basi afunike juu ya kitanda. Mikeka, majamvi, maturubai, chochote, mradi bati lisimwangalie mtoto. Na mtoto akae kifuani, asiachwe kitandani kwa kutegemea moto. Umesikia?"

"Nimesikia mama."

"Usiende kugombana."

"Siendi kugombana."

Sikugombana. Hilo nililitekeleza.

Nilifika Jumatatu alasiri baada ya vipindi. Jua lilikuwa limelipiga bati lile tangu asubuhi, ukiingia sebuleni joto linakupokea mlangoni. Shemeji alikuwa amekaa na mafundi wenzake wawili, wanakunywa chai, jasho linawatoka. Aliponiona akanyoosha mikono kama mtu anayeonyesha mavuno.

"Karibu mwalimu. Unasikia joto? Na hapo majiko bado sijayawasha. Umekuja kutufundisha Zuhura?"

Wale mafundi wakaangua kicheko. Hadithi ile walikuwa nayo, amekwisha kuwasimulia. Nilikaa. Nilipewa chai ya tangawizi na maandazi. Niliinua macho nikaona bati tupu kutoka ukuta mpaka ukuta, na kati ya ukuta na bati uwazi ambao paka angepita bila kuinamisha kichwa. Majiko matatu yalikuwa yamepangwa kwenye korido, yamejazwa mkaa, yanangoja jioni.

Nilielewa palepale. Haikunichukua hata kumaliza andazi. Nyumba ile ilikuwa Utaridi. Mchana moto, kwa sababu Jua liko juu yake. Likizama, hakuna kifuniko. Joto la majiko litapanda moja kwa moja, litagusa bati, bati litalitoa nje, na lingine litapita kwenye ule uwazi. Unaweza kuwasha majiko kumi. Unaongeza moto tu, hubakizi kitu. Na mbaya zaidi, kama angeuziba ule uwazi bila kuondoa majiko, wangekufa wote kwa hewa ya mkaa isiyoonekana, kwa hiyo ujinga mmoja ulikuwa unamlinda na ujinga mwingine. Nitasema ukweli, mfano wa bati na hewa ya sayari si mmoja sawasawa. Hewa haizuii joto kama makuti yanavyozuia. Lakini kwa mtoto aliyelala chini yake, hesabu ni ile ile: si moto ulio nao, ni ule unaobaki nao.

Nilikuwa na maneno yote haya tayari. Nilikuwa na ujumbe wa mama. Nikamtazama shemeji, mkufu wake wa bandia umemng'ang'ania shingoni kwa jasho, anawasimulia wenzake jinsi tajiri mmoja wa Kibiti alivyomsifu kwa kazi, na nikahisi kitu ambacho sitakipamba. Nilihisi raha. Nikasema moyoni, subiri. Usiku utakufundisha wenyewe, nami sitachekwa mara mbili.

"Nyumba nzuri," nikasema. "Hongera."

"Umeona sasa," akasema. "Hata mwalimu kakubali."

Nikaomba kumwona mzazi. Mdogo wangu alikuwa kitandani, uso umevimba kidogo, ziwa moja linamuuma na homa imeanza kumpanda. Mtoto alikuwa amelazwa pembeni yake ndani ya chandarua, amevikwa nguo tatu, kichwa wazi kwa sababu mchana ule alikuwa anatoka jasho. Kofia ilikuwa juu ya meza. Nilisimama mlangoni, kama inavyopasa.

"Kaka," akasema, "mama kasema nini?"

Kule sebuleni walikuwa bado wanacheka. Sijui walikuwa wanacheka nini, huenda hata hawakuwa wananicheka mimi.

"Anakusalimu," nikasema.

Nikaaga. Shemeji akanisindikiza mpaka barabarani, akanilipia nauli bila kuulizwa, jambo lililoniudhi zaidi. Nilirudi Kibiti nikapika wali wangu, nikasahihisha mitihani ya kidato cha pili. Swali la tano lilikuwa la sayari, na nikawakata alama wote walioandika Utaridi. Baada ya isha nilitoka uani. Anga lilikuwa kavu, hakuna hata pamba moja ya wingu, nyota zimejaa mpaka chini kwenye minazi. Masika, mawingu yakitanda, usiku unakuwa na fukuto, unalala ukijipepea, kwa kuwa mawingu yanaturudishia joto letu. Usiku ule hakukuwa na cha kurudisha kitu. Nilijua vizuri kabisa utakuwa usiku wa namna gani. Nikaingia ndani, nikatoa blanketi sandukuni, nikajifunika, nikalala.

Simu iliita nikiwa katikati ya kipindi cha pili. Sikuitambua sauti kwanza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyevuliwa majivuno yote.

"Mwalimu. Mtoto kawa baridi. Hanyonyi. Hata kulia halii. Tuko njiani kwenda kituoni."

Nilipanda basi la kwanza lililosimama. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nitakiri, hata hapo sehemu ya maneno hayo ilikuwa ya kumshinda yule bwana. Hivyo ndivyo nilivyo. Mtoto anapigania roho yake na mjomba wake anatunga hoja.

Wodini palikuwa na nesi mtu mzima, mkali, aliyekuwa amewagombeza wote kabla sijafika na akaanza upya aliponiona. Aliuliza ni nani aliyemwacha mtoto wa namna ile alale peke yake bila kofia. Alisema moto wa jiko unampasha mtoto upande mmoja na kumwacha upande wa pili, tena moshi wake ni sumu, na kwamba mwili wa mtu haulali, hauzimiki alfajiri. Mdogo wangu alikuwa amewekewa dripu, homa imempanda, hakuweza kumbeba mtoto. Kwa hiyo nesi akamgeukia shemeji akamwambia avue shati.

Nikamwona anavua. Nilitegemea abishe. Nilitegemea aseme mwanaume habebi hivyo, awatafute wanawake wa kwao. Alivua shati, akavua na ule mkufu akautia mfukoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Nesi akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akamvika kofia, akawafunga wote wawili kwa kanga za mdogo wangu na blanketi juu. Kitambi chake kilijitokeza chini ya kanga yenye maua. Watu waliopita mlangoni walitazama, wengine wakakonyezana. Nikasema moyoni, sasa na wewe uchekwe. Hakuwatazama. Alikuwa ameinamisha kidevu anahesabu pumzi za mtoto, midomo inacheza, na kila baada ya muda anamwita nesi kwa sauti ndogo kumuuliza kama hii ni sawa.

Alikaa hivyo siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Alikula kwa mkono mmoja. Akienda msalani alimpa nesi mtoto na kurudi mbio. Siku ya kwanza mtoto hakunyonya, walimpa maziwa kwa mrija, tone kwa tone. Siku ya pili miguu ikapata joto. Siku ya tatu, kabla ya magharibi, alilia. Kilikuwa kilio kidogo kama cha paka aliyefungiwa kabatini, na nesi yule mkali akakaa chini kwenye ukingo wa kitanda akasema alhamdulillahi.

Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje. Nilikuwa nakuja kila jioni na chupa ya uji, natazama, naondoka. Siku ile ya tatu mdogo wangu, homa imeshashuka, alitoka akijishikiza ukutani akaja kukaa nami. Alikuwa amekonda usoni. Alinishukuru kwa uji. Alisema mumewe hajafumba macho, anaogopa akisinzia mtoto atateleza.

Ningenyamaza. Mtu mwingine yeyote, hata wale wanafunzi wangu wa kuimba sayari, angenyamaza. Lakini mtoto alikuwa amelia, hatari ilikuwa imepita, na ndani yangu ushindi wangu ulikuwa umekaa siku tatu bila kupata pa kutokea. Nikaanza somo. Nikamweleza habari ya bati na mbingu wazi. Nikamweleza kwa nini majiko matatu hayakufaa kitu. Nikamkumbusha siku ya dua, nilivyosema Zuhura na Utaridi, na nilivyofanywa kichekesho mbele za watu, na sasa mambo yamejidhihirisha, neno kwa neno. Nilieleza vizuri. Sidhani kama nimewahi kuieleza mada ile vizuri kuliko siku ile.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatiza hata mara moja.

"Haya uliyaona lini?" akauliza.

"Nilipoingia tu. Jumatatu. Andazi sijalimaliza nimeshajua."

"Jumatatu."

"Ndiyo. Na si mimi peke yangu, hata mama alijua. Alinituma nije nimwambie huyo mumeo, mfunike juu ya kitanda, na mtoto akae kifuani. Lakini utamwambia nini mtu kama yule? Mumeo ni mjinga, mdogo wangu. Sikutukani. Ni mjinga wa kweli, asiyejua kitu na hataki kuambiwa."

Aligeuza uso kuelekea mlango wa wodi. Ndani tulimsikia shemeji anamwimbia mtoto, sauti mbaya, maneno hayajui. Nikangoja alie, au anikasirikie, vyote nilikuwa na majibu yake.

"Mume wangu alikuwa hajui," akasema taratibu. "Alichokijua ni moto, kaka, akauleta wote aliokuwa nao. Wewe ulikuwa unajua. Nilikuuliza mama kasema nini, ukanipa salamu."

Akainuka, akashika ukuta, akarudi wodini. Mlangoni nilimsikia akimwambia nesi kwamba mgeni wa benchini ameshamaliza kumtazama mgonjwa, na kesho asiruhusiwe kuingia.